Bushi ya Kushoto

Gesi iliisha maharage yakiwa nusu kuiva, jua linazama, na mume wangu yuko kitandani na homa. Ndiyo sababu siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu anioe, alinipa funguo za gari lake.

"Mtungi uweke kwenye buti," alisema. "Kiti cha mbele usiweke kitu. Hata mkoba."

Nikasema sawa. Moyoni nilikuwa nachemka kuliko hayo maharage.

Ngoja nieleze, maana mtasema nina wivu. Ninao, tena wa kufa mtu! Lile gari alilinunua na mke wake wa kwanza, na mke huyo alifia humohumo, kiti cha mbele kushoto, wakikimbilia hospitali. Hapakuwa na ajali, ugonjwa tu ulimzidi njiani. Najua inauma, na mimi si jiwe. Lakini miaka yote ya ndoa yetu nimekaa kiti cha nyuma. "Cha mbele kibovu," ndiyo kauli yake. Majirani wananiona nimeketi nyuma, mkoba mapajani, mume wangu peke yake mbele, wanadhani nimemkodi.

Halafu kuna ule mlio. Kila tuta, kila shimo... kwiii... upande wa kushoto. Yeye akiusikia anapunguza mwendo na kunong'ona, "Pole."

Pole! Mimi nikijikwaa sebuleni naambiwa nitazame ninapokanyaga. Nilimsihi mara chungu nzima alipeleke gari gereji. Akanijibu, "Liache, nimelizoea," huku akitabasamu tabasamu ambalo mimi sijawahi kupewa. Jamani, nilikuwa nauonea wivu mlio wa gari.

Basi siku hiyo nilijaza mtungi upesi, nikakata kona hadi gereji ambayo yeye haijui.

Fundi wa pale wanamwita Masikio, kwa kuwa hutambua ugonjwa wa gari kwa kusikiliza tu. Aliegemeza viganja kwenye boneti, akaisukuma chini mara moja. Gari likalia.

"Bushi za stebilaiza hizo, dada," alisema. "Raba mbili zinazoshika chuma cha chini, kile kinachozuia gari lisilale kwenye kona. Nani anazipaka mafuta?"

"Mafuta gani? Mimi hata kulifuta vumbi siruhusiwi."

"Kuna mtu anazipaka. Naona mchirizi hapa. Mafuta ya hivyo yanakula raba, dada. Leo linanyamaza, kesho linalia zaidi. Tunatoa zote mbili, tunaweka mpya."

Aliliweka gari juu ya shimo la kufanyia kazi, akaliinua kwa jeki, akashuka chini na taa. Nilisikia spana, kisha kikohozi.

Harufu ilipanda kabla ya sauti yake. Mafuta ya nywele. Yale mazito, ya kusukia.

"Dada... njoo uone."

Nikainama. Bushi ya kulia ilikuwa raba tu, imekauka. Ya kushoto ilikuwa imepasuliwa katikati, ikafungwa tena kwa uzi mweusi, fundo juu ya fundo. Ndani ya ule mpasuko, kati ya raba na chuma, palikuwa na msuko mmoja wa nywele. Mfupi. Bado unang'aa mafuta.

"Hiki hakikuingia chenyewe," Masikio alinong'ona. "Mwenye kufunga hivi hataki kitu kiondoke. Naomba nikirudishe kilivyokuwa. Acha liendelee kulia."

Mimi nilishaujua mkono uliofunga ule uzi. Hivyohivyo ndivyo mume wangu anavyofunga viatu vyake, fundo juu ya fundo, mpaka huwa namsaidia kuvifungua. Alimfunga marehemu pale chini asiende. Na mimi niliye hai, pete yangu ya ndoa inanibana hadi leo, hajapata muda wa kuipeleka kwa sonara!

"Kata," nikasema.

"Dada..."

"Kata! Utupe."

Akakata. Akaweka bushi mpya, akapanda kushusha jeki.

"Hizi hazikazwi gari likiwa limening'inia," alisema, nadhani alitaka tu kusikia sauti yake. "Lazima lisimame kwa magurudumu, libebe uzito wake, ndipo unakaza. Ukikosea hapo, mlio unarudi."

Akarudi shimoni. Nilisimama kando ya gari, mikono kifuani. Hapakuwa na mtu mwingine, mafundi wenzake walishaondoka.

"Dada," akaita kutoka chini. "Mwambie mwenzio atulie, gari linacheza."

"Mwenzangu gani?"

Spana ikanyamaza.

"Aliyekaa mbele... Kushoto."

Nikatazama. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini upande ule wa gari ulikuwa umelala, umelemewa. Kisha, polepole, ukainuka, kama vile mtu anaposhuka.

Mlango haukufunguka.

Harufu ya mafuta ikanipita usoni. Ikazunguka. Ikasimama nyuma ya shingo yangu. Halafu sikuisikia tena, jinsi mtu asivyosikia harufu yake mwenyewe.

Masikio alimalizia kukaza harakaharaka. Alipotoka shimoni hakunitazama usoni, wala hakutaka malipo. "Nenda tu, dada," alisema. "Nenda."

Njiani nilipita tuta la kwanza. Kimya. La pili, kimya. Nikacheka peke yangu, nikauweka mkoba wangu kwenye kile kiti cha mbele kwa makusudi. Nilishinda, au ndivyo nilivyodhani.

Mume wangu alikuwa amesimama getini, amejifunika shuka, jasho linamtiririka. Aliningoja nipite tuta la pale kwetu, akasikiliza. Kisha akaja akaisukuma boneti. Akasukuma tena. Tena.

"Umemtoa?" akanong'ona.

Nilikuwa na maneno ya kumtapikia usiku kucha. Nikafungua mlango niyaanze.

"Sasa atakaa wapi?" akasema, akaanza kulia kwa sauti.

Nikashuka nimshike, maana ni mume wangu. Nilipomkaribia akanyamaza ghafla. Akainua uso... akanusa. Akanusa shingo yangu. Akanusa nywele zangu, ambazo ni fupi na sijawahi kuzisuka. Taratibu akatabasamu, lile tabasamu, na safari hii lilikuwa linanitazama mimi.

Akaniita jina la utani la marehemu, ambalo hata wifi zangu hawathubutu kulitamka.

Nikaitika.

Sikukusudia. Mdomo uliitika wenyewe, kwa sauti laini kuliko yangu.

Siku hizi nakaa mbele. Ananifungulia mlango, ananiuliza kama nimechoka, ananisikiliza nikiongea hata upuuzi. Wifi zangu wanasema ndoa yetu imenoga. Kila nilichokililia nimekipata, na usiku ananikumbatia kwa nguvu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Nami nalala macho wazi humo mikononi mwake, nikimwonea wivu huyo anayekumbatiwa.