Feni Iliyonyamazishwa

Nyumba ile ina korido ndefu na vyumba pande zote mbili. Ukipiga chafya chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anakuombea afya. Kila mpangaji anajua mwenzake kapika nini na kagombana na nani.

Mwisho wa korido hulala pikipiki ya Baba Pacha. Nje haiwezi kulala, maana wezi hawana likizo.

Baba Pacha anasambaza mikate. Alfajiri huichukua kwa mwokaji, huipanga kwenye sanduku, kisha huipeleka madukani na hospitalini. Mkewe, Mama Pacha, anashona nguo chumbani, pacha wao wakiwa wamelala nyuma yake. Pikipiki na cherehani ndivyo vinavyowalisha.

Injini ya pikipiki hiyo hupozwa na maji. Maji huzunguka ndani ya injini yakibeba joto, kisha hupita kwenye rejeta iliyo mbele. Nyuma ya rejeta kuna feni ndogo. Pikipiki ikikimbia, upepo wa barabarani unatosha kuyapoza maji. Ikisimama kwenye foleni, maji yakazidi joto, feni huanza yenyewe. Hata ukizima injini, feni hii huendelea kuzunguka mpaka maji yapoe.

Ugomvi ulianzia hapo. Kila jioni Baba Pacha alipoingiza pikipiki, feni ilivuma korido nzima. Pacha wakaamka. Mmoja akianza kulia, mwenzake anamjibu. Jirani wa chumba cha mbele aliuliza kama siku hizi nyumbani humo kumefunguliwa mashine ya kusaga. Jirani huyo anauza nguo za mitumba na anazo habari za mtaa mzima, na wote wanamwita Mama Mitumba. Mama Pacha hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akibembeleza.

Baba Pacha akaona atumie akili. Alikuwa na swichi ya taa, ile ya ukutani, iliyobaki chumba kilipopakwa rangi. Akakata waya wa feni, akaunga swichi katikati, akaifunga kwa mpira chini ya usukani. Akajiwekea utaratibu. Jioni akifika kwenye kona ya bomba la maji, karibu na nyumbani, anaizima. Asubuhi akifika hapohapo, anaiwasha.

Korido ikatulia. Mama Mitumba alimwita Injinia, na wapangaji wakalidaka jina.

Asubuhi moja Mama Mitumba alikuwa bombani na ndoo yake. Alikuwa na habari. Binti wa mwenye nyumba ameposwa, na mposaji ni yule kinyozi ambaye mwenye nyumba hugombana naye kila siku kwa kelele za redio. Habari kama hiyo huwezi kuisikiliza ukiwa mwendoni. Baba Pacha alisimama, akauliza yote, akacheka, akaondoka. Swichi hakuigusa.

Mjini barabara ilikuwa inachimbwa. Magari yalisimama juani, na yeye katikati yake, injini ikinguruma pale ilipo bila upepo. Taa nyekundu ya joto ikawaka mbele yake. Aliiona. Lakini hospitalini walikuwa wanangoja mikate, na mwokaji alikwisha kumwonya kwamba akichelewa tena kazi atapewa mwingine. Akazidi kusogea kidogo kidogo. Mvuke ukatoka, injini ikazimika, na haikuwaka tena.

Mikate ilifika imechelewa, juu ya pikipiki ya mtu mwingine. Mwokaji hakufoka. Alimwambia tu kwamba kesho asipomwona kwa wakati, asihangaike kuja keshokutwa.

Baba Pacha akaisukuma pikipiki hadi gereji ya shemeji yake, fundi wa pikipiki na kaka wa Mama Pacha. Mama Pacha alifika mbio, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Mama Mitumba alimfuata, kwa sababu jambo kama hilo haliwezi kutokea yeye akiwa hayupo.

Baba Pacha alitaka kufungua kifuniko cha rejeta aone kama maji yamekwisha. Shemeji akamshika mkono.

"Toa mkono, shemeji. Maji humo yana presha. Yatakurukia usoni, na dada yangu hakuolewa na mtu wa kuchemshwa."

Mama Mitumba alishauri injini imwagiwe maji baridi. Fundi akakataa. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi ghafla kinaweza kupasuka. Ingoje ipoe yenyewe. Basi wakakaa kungoja, na fundi akaiona swichi chini ya usukani.

"Hii nini?"

"Swichi ya feni."

"Ya chumbani au ya sebuleni?"

Baba Pacha akaeleza yote: pacha, korido, bomba, na posa ya kinyozi. Mama Mitumba akaanza kupanga upya kitenge chake.

"Sikiliza," alisema fundi. "Kwenye maji ya rejeta kuna kitu kidogo kama bolti. Tunakiita sensa. Kazi yake ni kusikia joto. Maji yakizidi moto, kinawasha feni. Yakipoa, kinaizima. Hakisahau na hakipigi umbea. Wewe umemfukuza mlinzi, ukachukua zamu yake, halafu ukasimama kupiga soga."

"Na ile taa nyekundu ni ya nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Ya kumwambia aegeshe pembeni, azime injini, angoje."

"Na uliiona?"

Baba Pacha alisema aliiona.

Injini ilipopoa, fundi alifungua kifuniko polepole, kwa kitambaa. Akajaza maji maalumu ya rejeta, yale ya rangi yanayouzwa dukani. Ya bomba huacha kutu ndani. Kisha akawaeleza anachotafuta. Akiwasha injini na mapovu yakatoka mfululizo kwenye rejeta, basi gasketi, kile kipande kinachoziba katikati ya vyuma vya injini, imeungua. Hapo injini itafunguliwa yote, na kesho hakuna kazi.

Akawasha. Wakainama wote kuangalia. Mapovu machache yalitoka, ya hewa iliyobaki ndani, kisha maji yakatulia.

"Umeponea chupuchupu," alisema fundi.

Aliing'oa swichi, akaunga waya vizuri na kubadilisha fyuzi. Akaosha tope lililoziba rejeta, akafunga kifuniko, akaiacha injini ingurume. Baada ya muda feni ikaanza yenyewe, bila mkono wa mtu. Alisema mtu akitaka sana swichi, fundi anaweza kumwekea ya kuiwasha feni mapema. Ya kuizuia, kamwe.

"Na watoto wangu watalalaje?" aliuliza Mama Pacha.

"Kwani lazima ivume ndani? Acheni pikipiki nje mpaka feni inyamaze. Tena bomba la moshi likiwa la moto hivyo, siku moja pacha atalishika."

Kesho yake Mama Mitumba alikuwa bombani. Alimpungia Baba Pacha mkono tu, akamwambia apite, habari zitangoja. Mjini foleni ilikuwa palepale. Feni ikavuma, ikazima, ikavuma tena. Taa nyekundu haikuwaka. Mikate ilifika kwa wakati. Aliporudi, mwokaji aliangalia saa, akamwambia waonane kesho.

Siku hizi kila jioni pikipiki husimama kwanza mlangoni, feni ikizunguka. Baba Pacha hawezi kuiacha peke yake, kwa hiyo hutoa kigoda akakaa. Mama Mitumba naye hutoa chake. Pacha wamelala ndani. Feni ikinyamaza, pikipiki inaingizwa na mazungumzo yamekwisha, hata kama kinyozi ameachwa katikati ya ugomvi na baba mkwe. Siku za joto kali feni huchelewa kunyamaza. Siku hizo Mama Mitumba humaliza habari zake zote.