Sabufa Kwenye Kiti cha Mama Mkwe

Fundi alipoingia sebuleni mchana ule, amekumbatia sabufa, alitupa jicho kwenye kioo cha ukutani na kuona uso wa dada yake ukiwa na nyusi nne. Akamgeukia dada mwenyewe: nyusi mbili, macho mekundu kwa kulia. Akarudi kwenye kioo. Nne.

"Kinatetemeka," dada alinong'ona. "Mwaka mzima sasa. Vikombe, milango, mpaka kifua changu. Mama mkwe anasema jini nimelileta mimi."

"Ulilibeba kwenye mkoba gani?"

Dada hakucheka. Saa kumi shemeji zake wangekuja kumtoa nyumbani, na mtoto angebaki. Mume, aliyekuwa safarini kikazi, alipoulizwa kwa simu alijibu neno moja tu: sawa.

Hilo "sawa" ndilo lililompandisha Fundi mori. Miaka sita anafunga muziki kwenye sebule za watu, na kila nyumba yenye mkosi anaona anayenyooshewa kidole ni mwanamke aliyeingia mwisho. Kwa ushahidi gani? Hakuna. Kaja mwisho, basi.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha mto wa kijani, mikono juu ya mapaja kama hakimu.

"Shikamoo, mama. Naomba kiti."

"Kiti changu hakikaliwi na mtu."

"Wala hatakaa mtu, mama. Hili ni boksi."

Bibi akasimama, akisonya. Fundi akaiweka sabufa juu ya mto wa kijani, akaunganisha nyaya.

"Sauti nyembamba unajua inakotoka," alimweleza dada kwa sauti ya chini. "Besi haina anwani. Inajaza chumba, inarundikana kwenye kona, na ikizidi kuwa nzito sikio haliipati tena, inapokelewa na mbavu. Ndiyo maana spika tunaiweka pale mtu anapokaa, halafu tunatambaa. Utakapoikuta nzito kuliko kote, hapo ndipo mtetemo unapoanzia."

"Utambae? Mbele ya mama?"

"Hata mbele ya jini lenyewe."

Akawasha besi, akapiga magoti. Chini ya dirisha besi ilikufa kabisa. Kwenye kona ya televisheni ikanenepa. Karibu na mlango wa jikoni ikawa nzito hadi meno yakagongana, na alipoinua macho aliona ndara nyeusi na vidole vya miguu vya mama mkwe. Vidole vikaondoka kuelekea jikoni. Uzito nao ukaondoka.

Fundi akazima sabufa. Kwenye kioo, dada alikuwa na nyusi mbili.

"Mama, hebu rudi."

"Unaniamrisha nyumbani kwangu?" Bibi akarudi kwa hasira, na kioo kikavurugika.

Dada akaziba mdomo. "Mungu wangu. Linamfuata."

Hapo ndipo harufu ya nywele zilizoungua ilipopanda, si kutoka jikoni bali kutoka kwenye nguo za bibi, ikatanda mpaka macho yakawasha, na bila midomo ya bibi kusogea ikaja sauti ambayo hakuna aliyeisikia kwa masikio, sauti iliyoingia kwa nyayo, ikapanda kwenye magoti, ikajipanga ndani ya mbavu kama maneno: *wake watatu wa wanangu nimewatoa, huyu wa nne, nawe toka kabla sijakupasua moyo.*

"Sitoki," Fundi alisema. "Wewe ndiye uliyekaa humu bila kukaribishwa, ukawasingizia wenzio. Toka wewe."

Akaichomoa waya nyekundu akaiweka pa nyeusi, nyeusi akaiweka pa nyekundu, ili spika isukume pale jini linapovuta na ivute pale linaposukuma, akawasha, akazungusha kitufe cha sauti polepole huku damu ikimtiririka puani na vioo vya kabati vikilia na dada akimshika kiuno asianguke na kile kitu kikipanda, kikishuka, kikimtafuta, mpaka mawimbi mawili yakakutana uso kwa uso.

Kimya.

Bibi akajishika ukuta kama aliyeshushwa mzigo. "Ameenda?"

"Amebanwa tu. Kitufe hiki kikirudi nyuma, naye anarudi."

"Mwanangu," bibi alimgeukia dada, "nakuomba, usikiguse."

"Mwanangu? Asubuhi nilikuwa mchawi." Dada akajifuta uso kwa kiganja, akaja akachuchumaa kando ya kiti, akaweka vidole juu ya kitufe. Akamnyooshea bibi simu kwa mkono wa pili. "Mpigie mwanao. Mwambie jini ni la nani."

"Shemeji zako wako njiani..."

"Na wao watasikia. Piga."

Simu ikaita mara mbili. Sauti ya mwanaume ikauliza kama kazi imekwisha.

"Haijaisha," bibi alisema, na machozi yakamtoka. "Jini ni langu. Nilijua. Lilikuwa nami kabla hujazaliwa."

Kabati likaanza kutetemeka upya. Fundi akaruka, lakini dada alikuwa ameshaongeza sauti hatua moja, bila hata kugeuza kichwa.

"Endelea, mama," alisema. "Hujamwambia kuhusu wale watatu."