Iwe Kwangu, Isiwe Kwako

Kompyuta ikifanya kazi hutoa joto. Hilo hata paka wa mtaa wetu wa Imbaba wanalijua, ndiyo maana hupenda kulala nyuma yake. Lakini ile aliyoiunda Shahinaz kwa mikono yake, siku ya kwanza tu ilipowaka, ilipuliza baridi.

Alipeleka kiganja nyuma ya kasha. Hewa ilimpita vidoleni kama ya jokofu, nayo ilinuka shaba na udongo wa kisimani. "Basi kipoza joto hiki ni kiboko," alijiambia. Mtu aliyejibana miezi saba hatafuti kasoro katika bahati yake.

Na alijibana kwelikweli. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na ofisi ilikubali afanyie kazi nyumbani endapo angepata mashine yenye nguvu. Alitaka kuwa nyumbani kwa ajili ya baba yake. Mzee Bahgat alioka mikate mbele ya tanuri miaka thelathini, akaambulia mapafu mabovu, na joto la mwezi wa saba lilikuwa linammaliza huku binti yake yuko kazini upande wa pili wa jiji. Kwa hiyo Shahinaz alinunua ubao mkuu wa kompyuta kwa jirani aliyekuwa anahama, akaomba kadi za kumbukumbu kwa binamu, akapata kasha jembamba lenye kutu. Kipoza joto alikitoa soko la Ijumaa, kwa Fundi Zaghlul: mabomba matatu ya shaba, mazito, ya kizamani, ncha zimezibwa kwa madini ya risasi.

"Kimetoka wapi hiki?" aliuliza.

"Kwani unakiposa?" Fundi alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Ila hizo ncha usiziguse, binti. Kilichozibwa kimezibwa."

Nyumbani, mfuniko wa kasha ukagoma kufunga. Ncha zilizidi kwa unene wa sarafu. Kununua kasha jingine? Kwa lipi? Akachukua tupa, akazisugua mpaka risasi ikaisha na mfuniko ukakaa. Bomba moja lilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama.

Adhuhuri ile alipoiwasha, Imbaba yote ilikuwa inatokota. Gamalat, mama yake, akamshika mzee mkono akamleta chumbani kwa Shahinaz wajipoze. Kikohozi kilimkuta mlangoni.

"Iwe kwangu, isiwe kwako," Gamalat akasema, kama alivyosema kila mumewe alipokohoa tangu waoane. Imbaba nzima husema hivyo. Ni maneno ya mdomoni tu, kama salamu.

"Ikija kwako nani atanigombeza?" mzee akamtania. Akaketi kando ya kasha, akavuta pumzi ndefu, safi, ambayo hakuwahi kuipata mwaka mzima. Machozi yakamlengalenga. "Shahinaz, mama, humu umeniletea pepo!"

Alimaanisha ile ya waja wema. Shahinaz alifurahi mpaka akalia.

Siku ya pili mzee hakutaka kutoka kwenda kula. Siku ya tatu hakutaka kulala kitandani kwake. Chai ilimpoea mkononi kabla hajaionja, na Shahinaz alipomgusa mguu aliuachia upesi.

"Baba, umekuwa barafu. Twende nje kidogo."

"Siwezi," mzee akanong'ona. "Nikiinuka ananivuta."

"Nani?"

Mzee akatazama kasha. Feni ikapunguza mwendo, na ndani yake ikatoka sauti nyembamba, yenye adabu.

"Umenifungulia, nakushukuru. Nimefungwa muda mrefu nina njaa ya moto. Nilishe wa mashine. Mashine ikipumzika, nitakula wa mzee."

Tangu hapo Shahinaz hakuinuka kitini. Aliipa kompyuta michoro mizito, majumba ya ghorofa ambayo hakuna aliyeyaagiza, na kila mchoro ulipoisha aliona midomo ya baba yake inageuka samawati, akaanza mwingine haraka.

"Zima hicho kitu, mwanangu," Gamalat alisema kwa sauti ya chini. "Tukakitupe mtoni."

"Nikizima atamla baba. Na shusha sauti, anasikia."

"Basi tumbebe mzee tutoke naye."

Walimbeba. Kizingitini mzee akapiga yowe kama mtu anayechunwa ngozi, wakamrudisha mbio, na Gamalat akajiziba mdomo kwa mtandio wake asilie mbele ya mumewe.

Ndipo siku ya Alhamisi mtaa ukatangaziwa mgao wa umeme: saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja.

Saa nane na nusu Shahinaz alifungua kasha. Akayeyusha risasi jikoni kwenye kijiko, akaja nayo mbio ili azibe ncha alizozisugua, lakini risasi iliganda kabla haijaigusa shaba, akayeyusha tena ikaganda tena, na mara ya tano akasikia mtaa mzima unanyamaza kwa mpigo mmoja, redio za majirani, majokofu, na mwisho feni ile ikazunguka taratibu, taratibu, ikasimama, na katika ukimya ule harufu ya kisima ikajaa chumba na kichwa cha baba yake kikaangukia kifuani.

Akamkumbatia. Ilikuwa kama kukumbatia jiwe la kaburini. Hakufikiri, ulimi ulisema ulichozoea kusikia tangu utotoni.

"Iwe kwangu, Baba! Iwe kwangu, isiwe kwako!"

Kisha sauti, sasa si ya kwenye kasha, ikamjibu ndani ya sikio lake mwenyewe:

"Nimekubali."

Mzee akakohoa. Jasho likamtoka usoni, jasho halisi la mwezi wa saba. "Mbona joto hivi humu?" akalalamika, akainuka kwa miguu yake akatoka. Gamalat akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Umeme uliporudi, kompyuta ilipuliza joto kama nyingine zote.

Jioni walikaa kwenye kibaraza chao chembamba. Gamalat akammiminia kila mtu chai inayofuka moshi. Shahinaz alipoinua bilauri yake, moshi ulikatika. Alipoifikisha mdomoni, chai ilikuwa imefanya utando wa barafu.

Mzee Bahgat alikuwa anajipepea kwa gazeti, kikohozi kinamkaba. Ghafla akaacha kujipepea. Akafumba macho, akatabasamu.

"Sogea, mama, kaa karibu na baba yako," alisema. "Kwako kunatoka pepo."

"Usinisogelee, Baba," Shahinaz akanong'ona. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Mzee alicheka, akadhani ni utani, akaburuta kiti chake kumfuata.