Dughulushi ya Mzee Zebedayo

Kila siku saa tisa alasiri, Mize alivuka uchochoro kwenda nyumbani kwa Mwalimu Devota. Hakumfuata mwalimu. Alimfuata Mzee Zebedayo, baba yake mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa ameshakaa barazani akingoja, uso ameuelekeza njiani kama mtu anayeona. Lakini alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na watu kwake walikuwa vivuli tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umechelewa leo. Haya, unaona nini?"

Swali lilikuwa hilo hilo kila siku, na sababu yake ilikuwa kopo moja la maziwa ya unga.

Mzee Zebedayo alifanya kazi miaka thelathini katika kitalu cha maua huko milimani Amani. Macho yalipomshinda, binti yake alimleta Pangani. Alishuka na sanduku la nguo, kitabu cha nyimbo za kanisani, mfuko wa udongo mweusi wa msituni na karatasi ndogo iliyokunjwa. Ndani ya karatasi mlikuwa na mbegu za dughulushi, ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mwamba uliokuwa nyuma ya nyumba yake kule Amani ulikuwa umepasuliwa kokoto za barabara, na maua yake yote yakaenda nao.

"Mwamba wangu wote umebaki kwenye karatasi hii," alipenda kusema.

Mbegu zenyewe zilikuwa ndogo kuliko unga wa kahawa. Ukizipigia chafya, umeziaga. Kipofu hawezi kuzitunza, kwa hiyo alimwomba binti yake amtafutie mwanafunzi mwenye macho mazuri na subira. Mwalimu Devota akamchagua Mize wa darasa la sita. Kwa macho, hakukosea. Subira ni habari nyingine.

Walipanda mwezi wa Juni. Mize alitoboa kopo chini kwa msumari na kulijaza udongo wa msituni. Mzee aligonga nusu ya mbegu juu yake, nusu nyingine akaikunja na kuisokomeza katika kitabu chake cha nyimbo.

"Usizifukie. Zinataka mwanga," alisema. "Weka kopo kwenye dirisha lenu lile lenye kivuli, ufunike na kipande cha kioo. Na maji, sikiliza vizuri: ya bomba au ya mvua tu. Maji ya visima vya hapa yana chumvi."

"Nimesikia babu."

Wiki ya tatu Mize alikuja mbio, hata shikamoo aliisahau. "Zimeota! Kijani, ndogo, kama ncha za sindano! Nimehesabu kumi na moja!"

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Siku ile alimsimulia habari za kitalu mpaka adhana ya magharibi, na Mize aliona hakuna mtoto mwenye bahati kama yeye katika Pangani nzima.

Miaka ile kila kitu kilikuwa cha kutafutwa: sabuni foleni, sukari foleni, mafuta ya taa foleni. Agosti pampu ya maji ya mji ikakosa dizeli, na maji nayo yakaingia kwenye foleni. Bomba moja tu, karibu na hospitali, lilitoa maji, na hayo yalidondoka kwa kuringa. Mize alipanga kidumu chake juani, na kutoka pale alisikia wenzake wakicheza rede na kupiga kelele za furaha.

Siku ya nne alichoka. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kisima. "Chumvi yenyewe kidogo," alijiambia. "Mbona sisi tunapikia?" Akateka kikombe kimoja, akanyunyizia, akaenda kucheza. Kesho yake akafanya vilevile, na kesho kutwa pia.

Baada ya siku kumi vijani vilikuwa vya kahawia pembeni. Mize aliogopa, akaongeza maji ya kisima kile kile. Wiki iliyofuata miche yote kumi na mmoja ilikuwa imelala kwenye udongo, imekufa.

Alikwenda barazani akiwa amekusudia kusema. Aliyapanga maneno njia nzima, nayo njia ilikuwa fupi.

"Unaona nini leo?" aliuliza mzee, akiwa tayari anatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomshinda. "Ziko palepale, babu," akasema. "Zinaendelea vizuri."

Uongo ule ulikuwa mdogo, lakini ulitaka kulishwa kila siku. Mmea ulio hai lazima ukue, kwa hiyo Mize alilazimika kuukuza kwa mdomo. Leo majani mawili, wiki ijayo manne. Na mzee hakusahau kitu. "Juzi ulisema manne, leo mbona matatu?" Basi Mize akawa anaandika nyuma ya daftari lake la hesabu idadi ya majani yasiyokuwepo. Saa tisa ilipokaribia, alijivuta kuvuka uchochoro. Alitamani aumwe. Rede yenyewe, iliyomponza, haikumpendeza tena.

Rafiki yake Suhaila, ambaye peke yake aliijua siri, alimwambia, "Mwambie tu. Atakugombeza, yataisha."

"Ningesema siku ile ile, ndiyo. Sasa nimedanganya miezi miwili. Nitaanzia wapi?"

"Anzia popote, mwenzangu. Lakini ukichelewa yatazidi."

Yakazidi kweli. Oktoba mzee alitaka kugusa. "Jani la dughulushi lina manyoya," alisema, "vidole vyangu vimeyakosa." Mize alishindwa kukataa. Alichimbua mche wa boga uliokuwa umejiotea jalalani, nao pia una manyoya, akaupandikiza koponi na kumpelekea. Mzee alilipapasa jani kwa vidole viwili, taratibu. Akalirudia tena.

"Limekuwa kubwa," alisema. "Na gumu. Labda ni joto la pwani."

Mzee alikuwa anamtafutia udhuru, na hilo liliuma kuliko kofi.

Desemba, siku ya kufunga shule, Mwalimu Devota alikuja barazani akiwa na barua mkononi. "Baba, madaktari wa macho wanakuja hospitali ya wilaya Jumatatu. Jina lako limo. Miaka miwili tumengoja!"

Mzee Zebedayo alishika mikono ya binti yake. Kisha akageuka upande wa Mize. "Umesikia, mjukuu wangu? Wakinifungua bandeji, kitu cha kwanza ninachotaka kukiona ni ua letu. Utalileta wewe mwenyewe, kwa mikono yako."

"Nitalileta, babu," alisema Mize.

Jioni ile alikaa chumbani akilitazama kopo. Hakuona pa kutokea. Boga lilikuwa limekwisha kunyauka. Akajikuta anaomba kimoyomoyo: Mungu, madaktari wasije. Gari lao likose petroli. Akayasikia aliyoyaomba, akashtuka. Alikuwa anaomba mzee wa watu abaki kipofu, ili yeye asijulikane!

Hakungoja saa tisa ya kesho. Alilichukua kopo jinsi lilivyokuwa, akavuka uchochoro.

"Babu, zimekufa," alisema, na kilio kikaanza hapo hapo. "Zilikufa tangu Agosti. Jani ulilogusa lilikuwa la boga. Nimekudanganya siku zote."

Mwalimu Devota alisikia kilio, akaja kusimama mlangoni.

"Lete kopo," mzee akasema. Akachota udongo kwa ncha ya kidole, akauonja, akatema. "Kisima."

"Ndiyo, babu. Nilichoka foleni."

"Siku ile ya boga, vidole viliniambia hilo silo," alisema, sauti yake kavu. "Miaka thelathini, Mize! Lakini nikavikatalia vidole vyangu, kwa sababu wewe ulikuwa umesema. Nenda nyumbani sasa. Nimekasirika."

Mize alikwenda. Alilia, lakini usiku ule alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Upasuaji ulifanyika salama. Siku chache baadaye Mwalimu Devota alimfuata Mize. "Babu yako anakuita. Beba kopo, lakini ulioshe kwanza."

Mzee alikuwa amevaa miwani mizito iliyoyafanya macho yake kuwa makubwa mno. Alimtazama Mize kutoka utosini mpaka miguuni. "Kumbe ndiye wewe. Nilidhani u mrefu zaidi." Kisha akafungua kitabu chake cha nyimbo, akatoa ile karatasi. "Mtu wa kitalu hapandi mbegu zote siku moja. Hizi ndizo za mwisho. Safari hii maji utateka wapi?"

"Bombani, babu. Hata kama foleni inafika sokoni."

Wakapanda, katika udongo wa msituni uliobaki mfukoni. Kopo lilikaa kwenye dirisha lile lile, na kila saa tisa Mize alilileta barazani. "Unaona nini leo?" "Bado, babu." Mzee alivaa miwani, akainama, akahakikisha mwenyewe. Hakumwamini, na Mize alijua anastahili. Siku moja aliona kijani, moyo ukaruka, akatazama tena vizuri. "Ni nyasi, babu. Si letu." Mzee alikagua. Ilikuwa nyasi kweli.

Siku ya ishirini na nne Mize alilishika kopo kwa mikono miwili. "Kimoja, babu. Kimoja tu, pembeni. Na hiki ni chenyewe."

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye mfuko wa shati ilipokuwa miwani, ukasita, ukarudi magotini.

"Hutazami, babu?" aliuliza Mize.

"Umeshanieleza," alisema Mzee Zebedayo. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mimea hufa, hata mikononi mwangu imekufa mingi. Ungesema siku ile ile, tungepanda kesho yake, na leo tungekuwa na maua. Uliponificha, tulipoteza mimea kumi na mmoja, miezi minne, na neno lako. Mimea na miezi si kitu. Neno lako ndilo lililochelewa kuota."

Akaegemea ukuta, akafumba macho yake mapya.

"Haya, nieleze. Kikoje?"