Mchumba Aliyeweka Kiganja Juu ya Ngoma

"Mwambie anyamaze," Isakwisa aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyempa Leonsi ngoma.

"Kamwambie mwenyewe. Afisa utamaduni si wewe?"

Ilikuwa Saba Saba ya mwaka 1975, uwanjani Sumbawanga, baridi ya Julai ikikata masikio. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Izia. Isakwisa, mtu wa Tukuyu, alikuwa mchumba wangu kwa miezi mitano. Alivaa suti ya kaunda yenye kalamu nne mfukoni, na sikuwahi kumwona akiandika kwa zaidi ya moja. Kabla ya kupiga makofi alimtazama kwanza mkubwa wake. Mkubwa akipiga, naye anapiga. Mkubwa akiacha, naye anaacha, hata kama viganja havijakutana.

Leonsi alikuwa mkulima wa Mollo. Miaka miwili kabla ya hapo alileta posa kwetu, nikamrudishia jibu kupitia kwa shangazi: ngoma hailiwi. Nilikuwa na cheti cha ualimu na kiburi cha kunitosha.

Kikundi chao kilipewa dakika tano. Wenzake walipomaliza, yeye akabaki peke yake na ngoma kubwa. Alianza taratibu, kama mwanamke anayetwanga huku mawazo yake yako mbali. Kisha mikono ikaanza kubishana. Wa kushoto unauliza, wa kulia unakataa. Akagandamiza ngozi kwa kiwiko mpaka sauti ikapanda na kulia kama mtu. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Bibi mmoja mbele yangu akavua shuka la mabegani, katika baridi ile. Mara Leonsi akanyamaza. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Akarudi na pigo moja tu, nikajikuta nimesimama, napiga makofi.

"Kaa chini," Isakwisa alisema. "Mkubwa anatutazama."

"Anaitazama ngoma. Hata yeye ana masikio."

Akaondoka kwa hasira, akavuka uwanja na kuweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma ili kuizima. Leonsi hakumtazama hata usoni. Alihamia ubavuni, akaendelea kupiga mti kwa kucha na vifundo vya vidole, pigo lilelile, halikukatika. Isakwisa akabaki ameinama, mkono juu ya ngoma, kama mtu anayembembeleza ndama. Uwanja mzima ukacheka. Alipoutoa mkono, ngozi ikanguruma tena, na watu wakaingia kucheza bila kualikwa.

Isakwisa akarudi kwangu.

"Unampigia makofi mshamba?"

"Nampigia makofi mtu anayejua kazi yake."

"Na mimi je?"

"Wewe sijawahi kukuona ukifanya kazi."

Jumatano tarishi wa ofisi akaniletea barua darasani. Ilikuwa imepigwa chapa na kugongwa muhuri.

"Kwa Mwalimu Hilaria. Yah: Utovu wa heshima. Unapewa siku tatu kuomba radhi kwa maandishi, la sivyo uchumba utafikiriwa upya. Nakala: Baba mzazi."

Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake: "Barua yako imepokelewa. Usijisumbue kufikiri. Pete yako imo ndani ya bahasha. Nakala: hakuna."

Baba, mzee Polikarp, alikuwa ameshasoma nakala yake nilipofika nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu bwana anamchumbia mtu au anamfukuza kazi?"

"Nimemkataa, baba."

"Mahari yake nitairudisha kesho," alisema. "Lakini usidhani yule wa Mollo anakungoja. Ulimtukana."

Jumamosi nilitembea mpaka Mollo. Nilimkuta Leonsi peke yake uwanjani kwake, anapura ulezi kwa fimbo.

"Za kazi, Leonsi?"

"Nzuri, Mwalimu. Umepotea njia?"

"Nimekuja kuuliza. Siku ile ulinyamaza katikati. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Watu wakaona ni ufundi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Umekuja kunisifu? Wamenisifu wengi wiki hii. Hakuna hata mmoja aliyekuja na jembe."

"Nimekuja kuomba radhi. Jibu nililompa shangazi lilikuwa la kijinga."

"Lilinifikia mbele ya mama yangu."

"Najua."

"Hujui. Mama hajaacha kulisema."

Akaendelea kupura, vumbi likanijaa puani, na ilikuwa wazi kwamba hatanikaribisha kiti. Mwishoni akasema, "Leo nina kazi. Ukitaka maongezi, rudi kesho Jumapili."

Nilivua viatu, nikaokota fimbo nyingine, nikasimama upande wa pili wa ulezi na kuanza kupiga. Akanitazama kwa muda.

"Unapiga vibaya," alisema. "Unapiga pamoja na mimi. Piga nikiinua."

"Hivi?"

"Bado. Sikiliza kwanza."

Tulipura mpaka jua likateremka. Jumapili nilirudi, nikamwomba mama yake radhi nimepiga magoti, naye akaniacha hapo chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Septemba mwaka uliofuata, Leonsi akanioa.