Fundi Anasikia

Asubuhi ile Fundi alikuwa na haraka. Sare kumi na mbili za shule zilikuwa zinangoja kola, na wenyewe walizitaka kesho yake. Alikaa mbele ya cherehani, akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akatafuta tundu la sindano. Akaona sindano mbili.

Alifikicha macho. Zilikuwa mbili bado. Alimwambia mumewe kwamba leo sindano imezaa. Mumewe, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu, alikuwa anavaa ovaroli. Alicheka, kisha akamuuliza kama amemeza dawa zake za presha. Fundi alisema atameza baadaye. Ukweli ni kwamba hakuwa amezigusa mwezi mzima. Alijiona mzima, akaona za nini kujijaza vidonge. Wengi wetu tunafanya hivyo, tusijidanganye.

Tangu jana alikuwa na kizunguzungu pia, na hakumwambia mtu. Mume alipotoka, Fundi alishona kola tatu. Ya nne ilimponyoka mkononi. Alitaka kuiokota, mwili ukakataa. Alitaka kumwita jirani, ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akaanguka chini ya meza, akapoteza fahamu.

Alipozinduka, alisikia kabla ya kuona. Alisikia magurudumu ya kitoroli, mtu akikohoa, na dada yake mkubwa akimuuliza muuguzi kwa nini shuka zimekunjamana. Akajua yuko hospitali. Alitaka kusema, "Dada, niko macho." Mdomo haukufunguka. Alitaka kuinua mkono, haukwenda popote. Alijaribu kidole kimoja tu. Nacho kikagoma.

Macho peke yake ndiyo yaliyomtii, tena kwa shida. Kope zilifunguka nusu. Mboni ziliweza kwenda juu na chini. Kushoto na kulia haziendi.

Daktari wa zamu alikuja, akasimama upande wa kulia, akamwambia amtazame. Macho hayakugeuka. Akamwambia abane mkono wake. Fundi alibana kwa nguvu zake zote, lakini ilikuwa ni kubana kwa mawazo tu. Daktari aliwaambia ndugu kwamba mgonjwa hana fahamu, akaenda kwa mwingine. Wodi ilikuwa na vitanda thelathini na yeye alikuwa peke yake.

Kosa lililofuata lilifanywa na Dada Mkubwa, na alilifanya kwa mapenzi. Yale macho yaliyobaki wazi nusu yalimtisha. Alisema yanakauka, maskini. Akalowesha kitambaa cheupe, akakikamua, akamfunika mdogo wake macho. Kila kilipokauka alikilowesha tena, na alikataza mtu yeyote asikiondoe. Dada Mkubwa akikataza jambo, hata wauguzi hunywea.

Siku tisa Fundi alikaa gizani. Alisikia wageni wakimzungumzia kana kwamba ameshazikwa. Alimsikia jirani akiuliza ile cherehani atapewa nani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelazwa vibaya, umebanwa chini ya ule wa kulia, na uliuma bila kupumzika. Alipiga kelele kichwani mwake mpaka akachoka. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku ya kumi, saa tatu asubuhi, Dada Mkubwa alimvuta shemeji yake karibu na kitanda. Walizungumza juu ya kifua cha Fundi, kama watu wanaozungumza mezani.

"Shemeji, tuseme ukweli," alisema Dada Mkubwa. "Huyu ameshaondoka. Daktari amesema tukitaka, ule mpira wa kumlishia unatolewa puani, tunampeleka nyumbani akapumzike. Atakuja na karatasi saa sita. Utie saini."

Mume alipinga kwanza. "Sijui, dada. Mimi naona kama bado yupo."

"Unaona unachotaka kuona. Unadhani mimi sina uchungu? Huyu nimembeba mgongoni."

Mume alilia. Halafu, kwa sauti ndogo sana, akasema sawa.

Fundi aliisikia ile sawa. Alijua maana yake. Kumeza hakuweza, na mpira ukitoka hakuna uji wala maji. Angemaliza siku chache tu, akiwa anasikia kila kitu. Hakutaka kufa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na yule bwana mwenye rangi kwenye kucha bado alikuwa anampenda. Machozi yakamtoka chini ya kitambaa, yakateremka mpaka sikioni.

Saa tano na nusu akaja Mama Mazoezi. Hilo ndilo jina alilopewa wodini, kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyoosha viungo vya wagonjwa ili visikakamae. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake. Alizungumza na kila mgonjwa, hata yule aliyesemekana hasikii. Humwambia anaanza na bega, sasa anakwenda kwenye kiwiko, samahani kama inauma. Mara mbili alikuwa ameomba kitambaa kile kiondolewe, na mara mbili Dada Mkubwa alimkatalia.

Leo mkono wake uligusa sikio la Fundi, ukarudi umelowa. Aliuliza kitambaa kimeloweshwa saa ngapi. Dada Mkubwa alijibu kwamba ndicho hicho kinachodondosha maji. Mama Mazoezi akakipapasa. Katikati kilikuwa kikavu kabisa. Kimelowa pembeni tu, kwenye kona za macho. Kwa uchungu wa asubuhi ile, Dada Mkubwa alikuwa amesahau kukilowesha.

"Haya maji yanatoka kwake," alisema Mama Mazoezi. "Nakiondoa."

Hakungoja ruhusa. Mwanga ukamwingia Fundi machoni kama moshi wa kuni mbichi. Kope zikajifunga zenyewe.

"Fundi, ukinisikia, tazama juu."

Fundi alijaribu. Kope hazikupanda. Mama Mazoezi akarudia, na bado hakuna kitu. Dada Mkubwa alisema wasimtese marehemu wa watu. Papo hapo daktari akaingia, karatasi mkononi. Mume alipokea kalamu, na Fundi alisikia karatasi ikiwekwa juu ya kabati dogo lililokuwa kando ya kichwa chake.

"Daktari, naomba dakika tano," alisema Mama Mazoezi. "Tano tu."

Alichovya pamba kwenye maji safi, akamfuta Fundi macho taratibu. Akaweka kiganja chake juu ya uso wake kuzuia mwanga. Akamwambia asiwe na haraka, wao watangoja. Kalamu ya mume ilikuwa imeshagusa karatasi. Fundi alijikusanya. Kope ya kulia ikapanda kidogo, kisha ya kushoto. Akatazama juu, kwenye kile kiganja.

"Macho yanacheza tu," alisema Dada Mkubwa, lakini alisogea karibu.

Daktari aliinama. Alimwambia Fundi atazame chini. Akatazama chini. Akamwambia juu tena. Juu.

"Tukubaliane," alisema Mama Mazoezi. "Juu ni ndiyo. Chini ni hapana. Mumeo ni mwalimu?"

Chini.

"Anapaka rangi?"

Juu.

Daktari alitaka uhakika, kwa hiyo akauliza swali ambalo yeye mwenyewe hakujua jibu lake. Alitaka kujua kama siku ile Fundi alikuwa anashona gauni la harusi. Chini. Mapazia? Chini. Sare za shule? Juu, tena haraka, kwa maana sare tisa zilikuwa bado hazina kola. Mume alithibitisha kwa kichwa. Kalamu ilikuwa imemdondoka.

"Mke wangu," alisema, "siku zote hizi ulikuwa unatusikia?"

Juu. Na macho yakabaki juu, ili asiwepo wa kusema amekosea. Dada Mkubwa alishika mdomo, akatoka nje.

Daktari alichana ile karatasi, akaomba radhi. Kisha akaeleza. Kiharusi kilikuwa kimepiga shina la ubongo, pale juu ya shingo, kwa nyuma, ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Amri zote za ubongo kwenda mikononi, miguuni na mdomoni hupita hapo, na sasa njia imekatika. Lakini sehemu ya ubongo inayofikiri na kusikia ni nzima. Fundi anasikia, anaelewa na anahisi maumivu kama mtu yeyote.

"Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hubakiwa na kope, na macho kwenda juu na chini," alisema. "Mimi nilimwambia atazame pembeni. Nilipaswa kumwambia atazame juu au chini."

Mume aliuliza kama atapona. Daktari hakumdanganya. Alisema wengine huanza tena kusogeza kidole au kichwa, wengine hawapati hata hicho, ila akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka mingi. Mama Mazoezi alisema kutunza huko kunaanza na kuzungumza naye. Macho yakikauka kuna dawa ya matone, kitambaa hapana. Na dalili za mwanzo za kiharusi kama hiki, kuona viwili viwili, kizunguzungu na ulimi mzito, si za kungojea kesho. Ni za kukimbilia hospitali saa ile ile.

Kesho yake mume alikuja na ubao kwapani. Alikuwa ameupaka rangi nyeupe, na juu yake ameandika herufi zote kwa rangi nyeusi, mistari mitano. Mama Mazoezi alimwonyesha namna ya kuutumia. Unataja mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mgonjwa akitazama juu, unasimama, unasoma herufi za mstari huo moja moja. Akitazama juu tena, unaandika. Ni kazi ya subira, na mume alikuwa nayo. Ila alitegemea neno tamu, tusimfiche. Alijifuta uso kabisa, akajiweka sawa.

Herufi ya kwanza ilikuwa M. Mume akatabasamu. Ya pili G. Akaduwaa. Kisha U, na U nyingine. Mguu.

Walifunua shuka. Wakauona mguu wa kushoto ulivyobanwa, kisigino kimeanza kuwa chekundu. Mama Mazoezi akaunyoosha, akaweka mto chini yake. Maumivu ya siku kumi yakaanza kushuka. Fundi alilia, na safari hii kila mtu aliona machozi yanatoka wapi.

Dada Mkubwa hakuonekana siku mbili. Siku ya tatu alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Nimekuja kukuaga, mdogo wangu," alisema, akitazama sakafu. "Nilikuziba macho. Nikataka utolewe mpira. Sina uso wa kukutazama."

Fundi aliutazama ubao. Mume akausoma, mstari kwa mstari. Zilitoka herufi tatu tu: K, A, A. Dada Mkubwa alingoja neno lingine, alidhani atatukanwa. Halikuja. Akavuta kiti, akakaa, akaushika mkono wa mdogo wake mpaka wageni walipotolewa wodini.

Sasa ni mwezi wa nane tangu siku ile. Fundi yuko nyumbani, kitanda chake kiko chumba kile kile cha cherehani. Anageuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Dawa za presha anapewa kila siku kupitia mpira, hakuna cha baadaye. Kidole gumba cha kulia kimeanza kusogea kidogo. Dada Mkubwa amehamia kwa mdogo wake, na anausoma ubao haraka kuliko mtu yeyote. Anashona kwa maelekezo ya Fundi, na akikata kitambaa upande usio wake, anagombezwa herufi kwa herufi mpaka anacheka mwenyewe.

Juzi alikuja mama mmoja kuchukua sare za wanawe. Alichungulia kitandani, kisha akamsogelea Dada Mkubwa, akamnong'oneza, "Vipi, mgonjwa anaendeleaje?"

Dada Mkubwa aliondoa mguu kwenye cherehani. Akachukua ubao, akamwekea yule mama mikononi.

"Yuko hapo," alisema. "Muulize mwenyewe."