Picha za Kibumba

Asubuhi hiyo Kituku, bandari ndogo ya mji wa Goma, ilikuwa imefurika watu. Wanawake walinunua sambaza, dagaa wa ziwani, mitumbwini kabla kamba hazijafungwa, na wabeba mizigo walipenya wakisukuma kila aliyesimama. Katikati yao Viateur alikuwa amepiga goti, akiwapiga picha abiria walioteremka kutoka boti ya Bukavu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Akabonyeza, na kikwembe, kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, kikaziba picha nzima.

"Mademoiselle, umeniharibia kazi."

"Na weye umepiga goti mu njia. Uko unaomba samaki?"

Mwenye kikwembe aliitwa Bénita Umuhoza, muuza samaki, beseni kichwani na cheko la mtu asiyeogopa. Viateur alikuwa na kiburi cha kazi yake, lakini hata picha hakuirudia. Aliomba namba ya simu.

Wakaanza kupigiana kila jioni.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Weye umekula, ao umepiga foto ya chakula tu?"

Siku moja Bénita akamletea simu iliyokuwa ikijizima ovyo. Ndani yake mlikuwa na picha za marehemu mama yake, zilizopigwa shambani kwao Kibumba kabla vita havijawafukuza. Mama alifia katika kambi ya wakimbizi. Karibu katika kila picha alisimama na kaka yake Bénita, Edmond, aliyekuwa likizoni na sare yake ya jeshi.

"Sina zingine," Bénita akasema. "Zikipotea, nitasahau sura yake."

"Lete. Kwangu foto haipotei."

Viateur akazihamishia zote kwenye diski yake, na haikupita muda simu ile ikafa kabisa. Vita vilipozidi kukaribia Goma, alimpa shangazi yake Rosette, aliyekuwa akikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, nakala ndani ya flash ndogo. Shangazi aliishona kwenye pindo la nguo, akavuka mpaka.

Kisha mji ukaanguka mikononi mwa waasi. Katika mtaa wa Katindo, alikopanga Viateur, wenye bunduki waliingia nyumba kwa nyumba wakipekua. Picha ya mtu mwenye sare ya jeshi la serikali ilitosha kumfanya aliyenayo auawe. Viateur akaiponda diski kwa nyundo, akatupa vipande chooni.

Mtandao uliporudi, Bénita alipiga.

"Uko muzima?"

"Niko."

"Na mama?"

Mji mzima uliamini kwamba simu zinasikilizwa. Viateur akachagua maneno. "Ile diski nilivunja."

"Yote?"

"Yote. Tutaongea tukionana."

"Tuonane juu ya nini? Uliniambia kwako foto haipotei."

Akakata. Viateur akapiga tena na tena bila kupokelewa, mpaka kiburi kikamshika naye akaacha. Mwanamke gani huyu asiyengoja hata kusikia?

Lakini usingizi ulimkataa. Mpaka wa Gisenyi ulipofunguliwa tena, alivuka, akaifungua flash kwa shangazi. Picha chache zilikataa kufunguka. Nyingi zilikuwa nzima, akazihamishia kwenye simu yake. Akarudi moja kwa moja Kituku.

"Samaki bei gani?"

"Kwako hakuna," Bénita akasema bila kumtazama.

Viateur akamnyooshea simu yake. Kwenye kioo, mama alikuwa na jembe begani, anacheka, Edmond kando yake. Bénita akafuta magamba mikononi kwa kikwembe, polepole, ndipo akaipokea.

"Ulisema ulivunja."

"Nilivunja ya Katindo. Ingine ilikuwa Gisenyi. Ningesema aje ku simu?"

"Ungesema hata 'ngoja'. Nimelia mama mara ya pili, Viateur."

Alikuwa na jibu tayari, kali na lenye haki. Akalimeza. "Nilikosea. Unisamehe."

Bénita aliendelea kutazama picha, moja baada ya nyingine. "Sasa hizi utaziweka wapi?"

"Kopi moja kwako, moja kwangu, moja ibakie Gisenyi. Zikikaa nyumba moja, siku moja zinaenda zote."

"Kumbe mie na weye hatutakaa nyumba moja?"

"Basi kopi yangu nitapeleka Bukavu, sisi tukae nyumba moja," Viateur akasema. "Nikuje kwenu kuona baba?"

"Kwetu wanakuja na ng'ombe."

"Vita vimemaliza ng'ombe zetu zote kule Masisi."

"Basi ukuje na hizi kwanza. Baba hajaona sura ya mama tangu tumuzike."

Akafunika beseni likiwa bado limejaa, wakaenda kutafuta mahali pa kuzichapisha.